Besi ya Kubebwa kwa Mkono Mmoja

Fundi aligonga ubavu wa boksi langu la spika ya gitaa la besi kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akagonga tena, safari hii katikati kabisa ya ubao. Tulikuwa katika karakana yake, Majengo, Mombasa, wakati wa alasiri. Boksi lilikuwa limeunganishwa kwa gundi tu. Halikuwa na rangi wala spika, na tundu lake la mbele lilikuwa bado na ukingo wenye miiba ya mbao. Mlio uliotoka ulikuwa mnene na mrefu kuliko nilivyotaka.

"Ubao hunu walia wenyewe, mwanangu," akasema. "Spika haijatiwa, na tayari walia. Ungetia wa milimita kumi na nane kama watu wote."

Nilimwambia nitafikiri, nikalibeba boksi kwa mkono mmoja hadi barabarani.

Mkono huo mmoja ndio uliokuwa lengo langu lote. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa maneno yake yalinisumbua, kwa sababu yaligusa shaka niliyokuwa nayo tangu nilipochora mstari wa kwanza. Je, wepesi nilioutaka ulikuwa unalipiwa kwa sauti? Na ikiwa unalipiwa, ni sehemu gani ya sauti inayokwenda?

## Anayevuka Likoni haelezwi uzito

Sababu za kutaka boksi jepesi sitazirefusha. Mpiga besi anayeishi Likoni na kupata kazi zake kisiwani, Nyali au Mtwapa huvuka kivuko kwa miguu, hushuka mteremko mmoja na kupanda mwingine katikati ya msongamano, kisha hutafuta tuktuk. Boksi lisiloingia ndani ya tuktuk pamoja na mwenyewe na gitaa lake ni boksi linalodai gari la kukodi, na gari la kukodi huweza kumaliza sehemu kubwa ya malipo ya usiku mzima. Amplifaya zilikwisha kupungua uzito zamani. Zipo zenye nguvu ya wati mia kadhaa ambazo hazifiki hata kilo tatu, na huingia katika mfuko wa gitaa. Mzigo uliobaki ni boksi.

Nikajiwekea mipaka miwili: lisizidi kilo 13, na likae kwenye kiti cha tuktuk bila kutokeza pembe nje. Mpaka wa pili ndio ulioamua vipimo. Upana ukawa sentimita 45, kimo 40, na kina 35. Ukitoa unene wa mbao, spika yenyewe na vitu vingine vya ndani, hewa inayobaki ni karibu lita 45.

Hapo ndipo hesabu zilipoanza kunibana.

## Ukitaka viwili, toa cha tatu

Mhandisi wa Marekani, Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo lililotoa herufi ya mwisho ya kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957, aliacha kanuni ambayo watengenezaji wa spika huiita sheria ya chuma. Kuna mambo matatu ambayo kila mtu huyataka kwa pamoja: boksi liwe dogo, sauti ishuke chini sana, na umeme kidogo utoe sauti kubwa. Unaweza kupata mawili. La tatu utalitoa, upende usipende.

Ukali wa kanuni hii hauonekani mpaka utie tarakimu. Ukitaka kushuka oktavu moja zaidi, yaani hadi nusu ya mitetemo ya awali kwa sekunde, bila kupoteza ufanisi, ujazo wa boksi lazima uzidishwe mara nane. Lita zangu 45 zingekuwa 360, nami ningehitaji mkokoteni na hamali wa kuusukuma.

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, yaani E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo hezi 41. Besi ya nyuzi tano ina B inayoshuka hadi karibu hezi 31. Isitoshe, kwa kila oktavu unayoshuka ukitaka sauti ibaki na ukubwa uleule, koni ya spika, yaani ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa, katika boksi lililozibwa lazima isafiri mbele na nyuma mara nne zaidi. Kila nilipozipitia hesabu hizi niliona kwamba boksi dogo, lenye sauti ya kutosha kushindana na ngoma, haliwezi kuitoa E kwa ukamilifu wake. Kwa muda niliiacha kazi. Nilijiambia kwamba huenda yule fundi, bila kutaja hezi hata moja, alikuwa ameligusa jambo lenyewe, na kwamba besi ya kweli ni ya boksi kubwa na zito, wala hakuna njia ya mkato.

Kilichonirudisha kazini ni jedwali la vipimo la boksi linaloheshimiwa kuliko yote katika ulimwengu wa besi, Ampeg yenye spika nane za inchi 10. Ukoo wake ulianza mwaka 1969, na toleo lake linalojulikana kwa jina la SVT-810E lina uzito wa zaidi ya kilo 60. Nilitarajia kuona likishuka hadi hezi 30. Nikakuta kwamba, kwa vipimo vya kampuni yenyewe, sauti yake huwa imekwisha kupungua kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 58, na kwa desibeli 10 kwenye hezi 40.

Nililisoma jedwali hilo tena, nikidhani macho yangu yamechoka.

Boksi ambalo vizazi viwili vya wapiga besi wamelisifu kwa uzito wa sauti yake huitoa E ya chini kwa udhaifu. Uzito tunaousikia unatoka mahali pengine. Uzi wa E haupigi hezi 41 peke yake. Unapiga pia 82, na 123, na kuendelea juu, na sikio likizipata hizo za juu kwa mpangilio wake hujijazia lile la chini hata kama halipo. Ndiyo sababu mtu husikiliza chakacha kwenye simu, ambayo spika yake haiwezi kabisa kutoa hezi 41, na bado akafuata mwendo wa besi kwa mguu bila kupotea. Kifua kinachotikisika harusini hutikiswa zaidi na eneo la hezi 80 hadi 120 kuliko tunavyodhani.

Basi nikatoa cha tatu. Nikaamua kwamba chini ya hezi 50 sitadai kitu, ili niwe na haki ya kudai udogo na nguvu. Uamuzi huu haumfai kila mtu. Anayepiga muziki wa kompyuta wenye besi ya kunguruma bila kukoma atauona ni umaskini. Mimi hupiga taarabu ya harusini na nyimbo za hotelini, na katika zote mbili ninachohitaji ni noti inayotambulikana, yenye mwanzo na mwisho, ambayo mpiga dumbaki anaweza kuiegemea.

## Sumaku na hewa ya chumvi

Spika ya inchi 12 yenye sumaku ya feraiti mara nyingi huwa na kilo sita, saba au zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko katika sumaku na vyuma vyake. Ya neodimiamu huweza kuwa na nusu ya hapo. Sumaku hizi ziligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani karibu wakati mmoja, na nguvu zake kwa kila gramu ni nyingi kiasi kwamba sumaku ndogo hufanya kazi iliyokuwa ikidai ile nzito. Yangu ina kilo tatu na nusu. Bei yake iliniuma, na kwa yeyote mwenye gari ningesema anunue ya feraiti, asahau.

Neodimiamu ina aibu mbili. Ya kwanza ni kwamba joto kali huidhoofisha, na aina za kawaida huanza kuathirika zikipita nyuzijoto 80 hivi. Joto la Mombasa halifiki huko, lakini koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inayosukumwa kupita kiasi usiku kucha inaweza kulipeleka joto hilo karibu na sumaku. Ya pili inatuhusu zaidi sisi wa pwani: hushika kutu upesi ikiwa haikufunikwa, na kwa hiyo viwanda huipaka nikeli, zinki au epoksi. Katika mji ambao komeo la mlango huota kutu kabla ya rangi ya mlango kukauka, sikuona vibaya kuuliza kabla ya kununua ni kifuniko gani kilichotumika.

## Jahazi na mataruma yake

Sasa nirudi kwenye ubao, kwa kuwa ndio ulioninyima usingizi.

MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, niliikataa mapema. Ni nzito, karibu kilo 13 kwa kila mita moja ya mraba ikiwa na unene wa milimita 18, na unyevu wa hapa huifanya ivimbe kingo kama haikuzibwa vizuri. Nilichagua plaiwudi nyepesi ya milimita 12, ambayo kwa eneo hilohilo ni karibu kilo sita. Akiba ni kubwa, lakini ina gharama yake. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata mchemraba wa unene wake, na ubao wa milimita 12 una chini ya theluthi moja ya ugumu wa ule wa 18 wa mti uleule. Fundi alikuwa amesikia kweli kwa kidole chake.

Jibu lilitoka kinywani mwake mwenyewe, siku nilipomrudia kwa ajili ya mpini wa kubebea. Alijifunza kazi Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji ambacho kuunda vyombo vya baharini ni urithi, na siku hiyo alikuwa akilalamika juu ya mtu aliyetaka mashua yake iongezwe mbao juu ya mbao ili iwe imara.

"Jahazi halitiwi mbao nene likawa imara," akasema. "Latiwa mataruma. Mbao ni za kuzuia maji tu."

Nilimtazama. Naye akanitazama, kisha akalitazama boksi, akacheka.

Mataruma ni zile mbavu zinazosimama ndani ya chombo na kushikilia mbao za nje, na kwa ubao wa spika kazi yake ni ileile. Mlio wa asili wa ubao hutegemea unene, lakini hutegemea zaidi umbali kati ya sehemu zilizoshikwa. Ukipunguza unene kutoka milimita 18 hadi 12, mlio hushuka kwa theluthi moja. Ukiugawa ubao huo kwa ubavu mmoja, mlio unaweza kupanda mara mbili na nusu au hata zaidi, kutegemea umbo lake. Kwa maneno mengine, ubao mwembamba wenye ubavu unaushinda ubao mnene usio nao, na ubavu wenyewe una gramu mia kadhaa tu. Kupanda kwa mlio ni faida kwa sababu ubao unaotikisika mahali ambapo besi ina nguvu nyingi huiba sauti na kuirudisha ikiwa imechelewa na kuchafuka, hali ule wenye mlio wa juu hupata nguvu kidogo ya kuutikisa, na hata ukitikisika ni rahisi kutulizwa.

Tulitumia vipande vya saiprasi. Kimoja kilivuka ndani kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, kwa kuwa shinikizo la hewa huzisukuma kuta zote mbili nje kwa wakati mmoja, na kijiti kinachoziunganisha huzifanya zizuiane zenyewe kwa zenyewe. Kingine kiliunganisha ukuta wa nyuma na ubao wa mbele, karibu na spika. Hatukuviweka katikati kabisa. Tulivisogeza kando kidogo ili sehemu mbili za ubao zisiwe na mlio mmoja na kuchocheana. Fundi alitaka kila kiungo kiwe na skrubu na gundi, nami nikamwachia, ingawa naamini gundi pekee ingetosha.

Akagonga tena. Mlio ulikuwa mfupi na wa juu, ukakatika mara moja. Hakusema neno, akachukua msasa.

Nimefikiri sana kuhusu ule ushauri wa milimita 18, na siuoni kuwa wa kijinga. Maboksi ambayo fundi huyu ameunda maisha yake yote ni ya kukodishwa na ya matatu. Hutupwa kwenye lori, hukaliwa na watu, hunyeshewa. Unene wa mbao zake ni wa kustahimili watu, na katika kustahimili watu unafanya kazi nzuri. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuusikia uimara huo kana kwamba ni sauti, mpaka mpiga besi akiingia ukumbini na boksi jepesi watu humhukumu kabla hajachomeka waya.

## Bomba la inchi nne

Tundu la hewa lilinipa furaha ambayo sikuitarajia. Wazo la kuiacha hewa ya nyuma ya koni itoke kwa njia iliyopimwa ni la zamani. Albert Thuras alipewa hataza yake Marekani mwaka 1932. Hata hivyo, kwa miaka mingi vipimo vilitafutwa zaidi kwa kujaribu, mpaka Neville Thiele alipochapisha hesabu zake nchini Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970. Kwa sababu yao, spika yoyote nzuri leo huja na jedwali la tarakimu, na programu za bure hukwambia itafanya nini ndani ya lita kadhaa kabla hujakata ubao. Kwetu bado boksi hupimwa kwa jicho.

Lita 45, mwangwi (yaani kiwango ambacho hewa ya boksi na ya tundu hutetema kwa nguvu zaidi) wa hezi 50, na bomba la PVC la maji taka la inchi nne linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi: hesabu ilitoa urefu wa karibu sentimita 15. Hesabu hiyo huchukulia hewa ya nyuzijoto 20, ambamo sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzijoto 30 za kwetu husafiri karibu mita 349, na bomba linataka kuongezwa kiasi cha sentimita moja hivi. Tofauti hiyo hakuna harusi itakayoigundua, lakini nilifurahi kuipa Mombasa sentimita yake.

Bomba jembamba zaidi lingekuwa fupi na rahisi kuliweka, ila hewa ingepita kwa kasi na kupuliza kama mtu anayehema. Kingo za bomba nilizipiga msasa zikawa mviringo kwa sababu hiyohiyo.

Kupima kama mwangwi umeangukia nilipotaka hakuhitaji maabara. Nilitoa sauti moja tulivu kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, nikaishusha polepole huku nikiiangalia koni. Kadiri sauti inavyoshuka koni hutikisika zaidi, mpaka inapofika kwenye mwangwi wa tundu. Hapo karibu isimame kabisa, huku upepo ukitoka bombani. Yangu ilitulia kwenye hezi 51.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Chini ya mwangwi huo, hewa ya ndani haiizuii tena koni, nayo huruka ovyo ikitoa sauti ndogo sana. Anayepiga B ya hezi 31 kwa nguvu katika boksi hili anaweza kuivunja spika bila hata kusikia kwamba anapiga kwa nguvu. Kichujio kinachokata sauti za chini ya hezi 40 hivi kwenye amplifaya si pambo. Ni sehemu ya boksi, na ninakihesabu kama nilivyohesabu skrubu.

## Kwenye mizani

Nyavu ya chuma, mpini, tundu la waya, rangi, na pamba ya mito niliyoitandaza kwenye ukuta wa nyuma ili sauti za kati zisirudi kupitia koni, vyote vikiwa ndani, nilililaza boksi kwenye mizani ya muuza viazi, Kongowea. Kilo 11 na nusu.

Nikipiga uwanjani chini ya turubai, mahali pasipo na kuta za kuisaidia besi, nimejifunza kuliweka sakafuni na kulisogeza karibu na ukuta wowote uliopo, hata kama ni wa jikoni. Wenzangu hupenda kuliinua juu ya kiti lionekane. Likiinuliwa, sauti ya chini hupungua waziwazi, na mimi hulishusha tena. Kwa kumbi kubwa ninaunda la pili la aina ileile. Spika ni ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na mbili zikiunganishwa sambamba hufanya omu 4, ambazo amplifaya yangu huzipa nguvu zaidi. Maboksi mawili hutoa faida inayokaribia desibeli 6, na bado kila mkono unabeba kilo 11 na nusu.

Juzi kijana mmoja apigaye besi ya nyuzi tano kanisani, Changamwe, aliniomba nimuundie lake. Alitaka liwe dogo kuliko langu, lishuke hadi B, na lisikike nje ya kanisa. Nilimweleza vile vitatu, nikamwambia achague viwili kisha anitumie vipimo. Amenitumia vipimo vya buti ya gari la mjomba wake, na chini yake ameandika: "Kaka, hivyo vitatu vyote vinahitajika."